Majani ya Springi Hayavuki Mchanga

Mwenye pikapu akitaka iende porini, huja gereji hapa Ukunda na swali lenye sura ya agizo: "Fundi, niongezee majani mawili ya springi nyuma, inyanyuke, halafu uichomelee chesisi bamba iwe ngumu. Itapita, sivyo?" Huyu ana safari za Kinango. Yule amepata kazi ya kubeba mawe ya chimbo. Mwingine alizama mchangani pale Diani akavutwa na trekta huku wageni wa hoteli wakipiga picha. Nikiuliza gari lilizama kwa nini, najibiwa lilikuwa chini. Nikiuliza tairi zilikuwa na upepo kiasi gani, mtu ananitazama kana kwamba nimemuuliza umri wa bibi yake.

Swali hilo nalijibu hapa mara moja, atakayeniuliza tena nitampa gazeti.

Tuanze na kunyanyuka. Hilux, D-Max na Land Cruiser 79, zote kwa nyuma zina ekseli nzima kutoka gurudumu hadi gurudumu, na difu iko katikati yake. Springi inakaa kati ya ekseli na chesisi. Ukiongeza majani, kinachopanda ni chesisi, bodi na kichwa cha mwenye gari. Difu haipandi hata milimita moja. Jiwe la njia ya Mwaluganje lililoigonga mwaka jana litaigonga tena pale pale. Kinachoinua difu ni tairi, tena kwa nusu: tairi ikizidi kipenyo kwa milimita 60, difu inapata 30. Kupandisha chesisi kuna faida, sikatai. Bampa na tumbo la gari havikwaruzi kwenye kingo za korongo, na tairi kubwa inapata nafasi ndani ya madigadi. Lakini njia ya kufika hapo si kurundika vyuma.

Maana hayo majani tuyaangalie yenyewe. Mara nyingi jani linaloongezwa ni la springi kuukuu ya Canter, limekatwa kwa grainda, likapigwa nyundo mpaka likaelekea kufanana na mengine. Hakuna anayepima unene wake, na unene ndio wenye neno, kwa sababu ugumu wa jani unapanda kwa unene wake uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Chukua springi ya majani manne ya milimita 7, uchomeke moja la milimita 10, urefu na upana ule ule. Mwenye gari anaona ameongeza moja juu ya manne, yaani robo. Lakini 10 mara 10 mara 10 ni 1,000, na 7 mara 7 mara 7 ni 343. Jani hilo moja lina ugumu wa karibu majani matatu ya mwanzo. Springi nzima sasa imezidi ugumu kwa asilimia 70 na zaidi. Hapo ameongeza moja tu, na agizo lilikuwa mawili.

Sasa ipeleke springi hiyo kwenye makorongo, pikapu ikiwa tupu. Gurudumu la kushoto linatakiwa lishuke shimoni huku la kulia likipanda juu ya jiwe. Springi haikunjiki wala hainyooki, gurudumu la kushoto linabaki hewani. Difu ya kawaida haiwezi kumpa mmoja nguvu ikamnyima mwenzake: lililo hewani linazunguka bure kwa nguvu kidogo mno, na lililo chini linapata kidogo kile kile. Gari limesimama. Limesimamishwa na majani yaliyonunuliwa ili lisisimame. Wanaonitajia magari ya Rhino Charge, yale mashindano yaliyoanza 1989 kuchangia uzio wa Aberdare, nawaomba wazitazame picha kwa makini: gurudumu moja limezama chini kabisa, jingine limekunjwa hadi ndani ya madigadi, na yote mawili yanagusa ardhi. Huko wanatafuta springi laini yenye mwendo mrefu.

"Lakini mimi nabeba mzigo, fundi." Sawa. Pikapu za namna hii zimeundwa kubeba tani moja hivi, na tani hiyo haikuamuliwa na springi peke yake. Imeamuliwa na ekseli, beringi, breki, tairi na chesisi, na hakuna kimojawapo kilichopata nguvu kwa sababu umeongeza jani. Nyuma ya gari ilipokuwa ikilala chini ilikuwa inakuambia umezidisha. Umeinyamazisha, ukaendelea kuzidisha.

Kuna jambo la breki ambalo sijawahi kuona mteja akilifikiria. Hilux nyingi za zamani, zisizo na breki za kielektroniki, zina vali iliyofungwa kwenye chesisi na kuunganishwa kwa ekseli ya nyuma kwa fimbo. Kazi yake ni kupima umbali kati ya hivyo viwili. Chesisi ikiwa juu, vali inahesabu kwamba gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma. Ukiipandisha kwa majani bila kuirekebisha fimbo, umeidanganya vali: umejaza mawe, unateremka kutoka Kwale kuelekea Ukunda, na breki za nyuma zinafanya kazi ya gari tupu.

Nguvu ya mtikisiko ambayo springi imekataa kuimeza lazima iende mahali. Inakwenda kwenye mikono ya springi, halafu kwenye chesisi, hasa nyuma ya kabini. Barabara ya murramu yenye matuta madogo madogo inairudia kazi hiyo maelfu ya mara, na chuma huchoka. Ufa unaanza kwenye tundu la bolti au ukingo wa welding. Australia wana pikapu kama zetu, kabini mbili, zilizofungwa mifuko ya upepo juu ya ekseli badala ya kuongezewa majani, kisha zikabebeshwa mzigo mzito nyuma kabisa ya ekseli. Zipo zilizopinda chesisi katikati. Upepo umeingia mahali pa jani, kosa halijabadilika.

Hapo ndipo mtu anapokuja na lile bamba, na hapa uvumilivu wangu huisha. Chesisi ya pikapu imeundwa kupinda kidogo kwa urefu wake wote. Ukiichomelea bamba nene la urefu wa mkono, kipande hicho hakipindi tena, na kupinda kote kunahamia pale bamba linapoishia. Kama bamba limekatwa mraba na mshono umekatiza kutoka juu hadi chini, umeuchorea ufa mstari wa kufuata, tena kwenye chuma ambacho moto umeshakibadilisha. Pikapu zilizochomelewa hivyo zikirudi, natafuta ufa sentimita moja au mbili kutoka mwisho wa bamba, na mara nyingi nauona kabla sijawasha tochi. Mwenyewe anaomba bamba refu zaidi.

Pwani yetu ina lake la kuongeza. Kati ya bamba na chesisi kuna nafasi nyembamba ambayo brashi haiingii, moto umeunguza rangi pande zote mbili, na maji ya chumvi yanaingia yasitoke. Kusi ikivuma, chumvi inalifikia hata gari lisilokanyaga ufuo. Kutu ya chesisi si hadithi ya mafundi wa jua kali: mwaka 2016 Toyota ilikubali kule Marekani mapatano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4, kwa ajili ya ukaguzi na kubadilisha chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizoliwa na kutu. Hizo zilitoka kiwandani zimepakwa rangi. Na ile oili chafu mnayopulizia chini ya gari inalainisha bushi za mpira na kunasa mchanga wenye chumvi. Acheni.

Sasa cha kufanya, upesi. Mchangani, punguza upepo hadi pauni 16 au 18, tairi irefuke chini na kuelea, na ubebe pampu ya kuurudisha kabla ya lami. Hii haigharimu karibu chochote na inashinda jani lolote. (Ufuo wa Diani wenyewe ni mazalio ya kasa. Tafuta mchanga mwingine.) Porini, badilisha bushi na shoki zilizokufa kwanza, maana pikapu nyingi zinazodaiwa kuwa na springi mbovu zina shoki mbovu. Ukitaka kuipandisha, nunua springi kamili zilizoundwa kwa uzito unaoubeba kila siku, usizidi milimita 40 au 50, pamoja na shoki za urefu wake na yuboti mpya. Mbele usipandishe zaidi ya hapo, sivii jointi zitafanya kazi kwa pembe mbaya na kupasua mipira yake. Rekebisha vali ya breki, angalia kama mipira ya breki inafika gurudumu likishuka, pima pembe ya propela, fanya alaimenti. Pesa ikibaki, weka kufuli ya difu ya nyuma. Ukitoka maji ya chumvi, osha ndani ya chesisi kwa maji baridi kupitia matundu yake, izibuliwe ile mitaro ya kutolea maji, ikauke, ipakwe nta ya kuzuia kutu.

Chesisi ikipasuka, ufa unachimbwa hadi mwisho wake, unajazwa kwa welding ya kupenya, halafu ndipo bamba jembamba lililochongwa ncha kali pande zote mbili, lichomelewe kwa urefu tu na kuzibwa kingo. Betri ifunguliwe kwanza. Pikapu kwa sheria ni gari la biashara na inakwenda ukaguzi kila mwaka, kwa hiyo usifikiri rangi nyeusi itaficha kitu. Na nikikuta kutu imetoboa karibu na mkono wa springi, sichomelei, hata ukibembeleza. Tafuta chesisi nyingine, na namba yake iingizwe kwenye kumbukumbu za mamlaka ya usafiri, NTSA, kabla gari halijatoka hapa.