Ilimu ya Watengeneza Dawa Walio Kazini

Mtu anapomeza kidonge cha kuondoa maumivu ya kichwa, akashushia maji na kushika njia kwenda kwenye shughuli zake, ni nadra sana fikira zake zivuke duka alikokinunua, zifike katika nyumba kilimotengenezwa na kuwauliza waliokitengeneza walijifunza wapi kazi hiyo. Tabibu, muuguzi na mfamasia wa dirishani twawajua, kwa kuwa twaonana nao uso kwa uso. Lakini mpima unga, mwendesha mashine na mkaguzi wa maabara, ambao taksiri ya mmoja wao yaweza kudhuru watu wa mikoa mizima, hatuwajui wala hatuulizi habari ya ilimu yao. Nataka kueleza hapa namna ilimu hiyo inavyopatikana na watu ambao tayari wamo kazini, wakisoma kwa vipindi na kurejea viwandani, maana nimesadiki kwamba kwa amali ya namna hii hiyo ndiyo njia iliyo bora, wala si kimbilio la aliyekosa nyingine.

Tuchukue mathalan kidonge cha paracetamol cha miligramu 500. Dawa yenyewe ni unga usiopenda kushikamana, kwa hiyo huchanganywa na wanga, hulowanishwa hata ukawa chembechembe, chembe zikakaushwa kwa kadiri yake, na mwishoni hutiwa kilainishi kidogo kiitwacho magnesiamu stiareti, ili vidonge visinate kwenye chuma cha mashine ya kugandamizia. Kilainishi kisipoenea, vidonge hunata na kukwaruzika. Kikichanganywa kupita kiasi, huzivaa chembe zote kama nta, vidonge vikawa dhaifu na vikachelewa kuyeyuka tumboni mwa mgonjwa. Chembe zikikaushwa mno, au mashine ikiendeshwa kwa pupa, kidonge hubanduka tabaka lake la juu. Kisha huja mizani: vidonge 20 hupimwa kimoja kimoja, navyo haviruhusiwi kuzidi 2 vilivyopotoka zaidi ya asilimia 5 kutoka uzito wa wastani, wala hata kimoja kupotoka zaidi ya asilimia 10. Vingine huzungushwa mara 100 ndani ya pipa dogo, lipimwe vumbi vililopoteza, lisizidi asilimia 1. Na vingine, visivyo na ganda la nje, hutumbukizwa katika maji yenye joto la digrii 37, ambamo sharti visambaratike kabla ya dakika 15 kwisha. Kitabu chaweza kumfundisha mtu hesabu hizi zote, lakini kujua kwa vidole kwamba chembe zimekauka vya kutosha ni maarifa yasiyokaa kitabuni.

Fauka ya ufundi wa mikono iko adabu ya daftari. Kila toleo la dawa lina kumbukumbu yake: nani alipima, alipima kiasi gani, kwa mizani ipi, saa ngapi, na nani alisimama karibu akashuhudia, na kaida ya viwandani ni kwamba lisiloandikwa halikutendwa. Asije mtu akadhani huu ni ukaidi wa makarani. Mwaka 1937 huko Marekani, kampuni moja iliyotaka kuigeuza dawa ya sulfanilamide iwe ya maji iliiyeyusha katika kimiminika kitamu kiitwacho daiethilini glaikoli, ikachunguza ladha, sura na harufu ya mchanganyiko huo, isichunguze sumu yake. Wakafa watu zaidi ya 100, wakiwamo watoto, na mwaka uliofuata nchi ile ikatunga sheria ya kumlazimisha mtengenezaji athibitishe usalama wa dawa yake kabla ya kuiuza. Shirika la Afya Duniani nalo lilianza kuandika kanuni za utengenezaji bora wa dawa mwaka 1967. Hata hivyo mwaka 2022, miaka 85 baada ya msiba ule, vifo vya watoto wapatao 70 nchini Gambia vilihusishwa na dawa za maji zilizoagizwa kutoka ng'ambo, ambazo zilipopimwa zilikutwa na sumu ile ile. Kanuni zilikuwapo; kilichokosekana ni mtu, mahali fulani katika safari ya dawa hizo, wa kusimama na kusema kwamba pipa hili halitafunguliwa mpaka lipimwe.

Vyuo vyetu vya famasia, kwa muda mrefu, viliwaandaa vijana zaidi kwa hospitali na maduka, na sababu iko dhahiri: sehemu iliyo kubwa ya dawa zetu hutoka nje, hususan India, na chuo hufundisha kazi iliyopo. Basi aliyeajiriwa kiwandani, Dar es Salaam au Arusha, alijifunza kwa kumtazama aliyemtangulia, akarithi ujuzi wake na makosa yake kwa pamoja.

Ndiyo maana naona fahari kubwa kutaja yaliyofanyika Moshi. Katika Chuo cha Famasia cha Kilimanjaro, kilicho chini ya Mfuko wa Mtakatifu Luka, kulianzishwa mafunzo ya juu ya famasia ya viwandani kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Purdue cha Indiana, na miongoni mwa walioyasimamisha ni Sista Zita Ekeocha, mtawa mwenye taaluma ya famasia, na Profesa Stephen Byrn wa Purdue. Wanafunzi wa mafunzo hayo hawakuwa vijana waliotoka shuleni juzi. Walikuwa watu wa viwandani na wa mamlaka za udhibiti, kutoka Tanzania na nchi nyingine za Afrika, waliokuja kwa vipindi vifupi, wakasoma na kutengeneza vidonge kwa mikono yao katika kiwanda kidogo cha kufundishia, kisha wakarudi makwao kazini mpaka kipindi kingine kilipowadia.

Utaratibu huo una hekima isiyoonekana kwa mtazamo wa haraka. Aliye kazini haji darasani mikono mitupu: huja na swali lililomnyima usingizi, toleo lililokataliwa ambalo hakuna aliyejua kwa nini, na anapoelezwa habari ya kilainishi kilichochanganywa kupita kiasi, hufahamu papo hapo kilichotokea katika chumba anachokijua kila pembe yake. Akirudi, hujaribu, jaribio likigoma, hulibeba tena hadi kipindi kinachofuata. Na kwa kuwa mkaguzi wa serikali na mtengenezaji hukaa dawati moja, kila mmoja husikia dhiki ya mwenzake katika wakati usio wa ukaguzi, jambo ambalo ofisini halipatikani kwa urahisi. Faida hii kijana asiyewahi kuingia kiwandani haipati, hata awe na akili kiasi gani.

Lakini mzigo wa masomo haya ni mzito, na sipendi kuuficha. Anayetoka zamu ya usiku akaketi darasani jioni inayofuata husoma kwa nusu ya nguvu zake. Mwenye watoto hulipa ada kwa fedha iliyokuwa ya nyumba. Na wako waajiri wanaomkatia mtumishi wao ujira kwa siku alizokwenda kujifunza kazi ya kiwanda chao wenyewe. Hilo nalihesabu kuwa dhuluma. Toleo moja likikataliwa, vidonge laki kadhaa huteketezwa pamoja na malighafi iliyonunuliwa kwa fedha za kigeni, na mwajiri mwenye kuhesabu hasara hiyo angempa mfanyakazi wake ruhusa, ujira kamili, na walau nusu ya ada.

Kwa anayekusudia kujiunga na masomo ya namna hii, popote yatakapotolewa, la kwanza ni kuhakikisha kwamba chuo kina ithibati ya mamlaka ya elimu ya nchi yake. La pili, aombe kuonyeshwa mashine, naye aulize ni saa ngapi mwanafunzi huzigusa mwenyewe; chuo kinachoonyesha ubao na viti tu kimekwisha kumjibu. Na kabla ya kulipa chochote, amwendee msimamizi wake wa kazi, wakubaliane kwa maandishi habari ya zamu na ya ujira.