Picha ya timu: Jua la Nakuru lisifiche nyuso za vijana

MJI wa Nakuru uko chini ya kilomita 40 kusini mwa ikweta. Adhuhuri jua huwa utosini, na kivuli cha paji la uso hufunika macho. Ndiyo maana picha ya timu ya vijana kiwanjani yafaa kupigwa kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi alasiri.

Warefu wasimame nyuma, wa kimo cha wastani wakae benchini, wadogo wapige magoti mbele. Mpigapicha apande kiti ili aone kila uso, kisha apige mara kadhaa, kwani hakosi anayefumba macho. Mzazi humtafuta mwanawe kwanza. Asipomwona, picha hiyo kwake ni bure.