Ukinzani na Ukinzani Mahususi: Istilahi Mbili katika Ulinganishaji wa Nyaya

Neno ukinzani, litokanalo na kitenzi kinza, hutumika katika lugha ya fizikia kwa maana ya kizuizi ambacho waya huuwekea mkondo wa umeme. Tatizo huzuka pale neno hilo hilo linapobebeshwa dhana ya pili, yaani sifa ya metali yenyewe. Kuzichanganya dhana hizi hupotosha hata jaribio lililofanywa kwa uangalifu.

Waya wa chuma wenye urefu wa mita 1 na eneo la mkato la milimita mraba 1 huwa na ukinzani wa takriban omu 0.097 katika nyuzi 20 za Selsiasi. Waya wa shaba wa unene huo huo, lakini wenye urefu wa mita 6, hufikia omu 0.101. Mwanafunzi anayetazama vipimo hivyo pekee atasema kuwa shaba hukinza zaidi ya chuma. Kuhusu nyaya zile mbili amesema kweli. Kuhusu metali amekosea, tena sana, kwani chuma hukinza karibu mara 6 zaidi ya shaba.

Sifa ya metali hupatikana kwa kuzidisha ukinzani kwa eneo la mkato, kisha kugawanya kwa urefu. Kipimo chake ni omu-mita, wala si omu. Hiyo ndiyo istahiliyo kuitwa ukinzani mahususi: fedha 1.59 × 10⁻⁸, shaba 1.68 × 10⁻⁸, alumini 2.65 × 10⁻⁸; ilhali nikromu, aloi ya nikeli na kromiamu itumikayo katika majiko ya umeme, hufikia takriban 110 × 10⁻⁸. Umbo ukinzanifu lingeweza kupendekezwa kwa ufupi wake, lakini darasani sikio halitalitofautisha kwa urahisi na ukinzani.

Hata hivyo, lipo tatizo jingine ambalo kivumishi mahususi hakiliondoi. Katika matumizi ya kawaida, jina shaba hujumuisha shaba nyekundu pamoja na aloi yake na zinki, yenye rangi ya manjano. Aloi hiyo, ijapokuwa sehemu yake kubwa ni shaba, huwa na ukinzani mahususi wa takriban mara 4 ya ule wa shaba halisi, kutegemea kiasi cha zinki. Mwandishi wa kitabu cha kiada aandikapo “waya wa shaba” bila kutaja ni shaba ipi, wanafunzi wa shule mbili waweza kupata majibu yanayopishana mno, na wote wakawa wamepima sawasawa.