Breki Zinalia

Gari la abiria limetoka Makunduchi asubuhi kwenda mjini. Limepita Kitogani, sasa linaingia Msitu wa Jozani. Hapo barabarani pana matuta. Yaliwekwa ili magari yaende polepole, kwa sababu kima punju huvuka barabara, na wengi waligongwa.

Dereva anakanyaga breki. Kiiii! Abiria wanatazamana.

"Mwanangu, breki hizo zinashika kweli?" anauliza mzee mmoja.

"Zinashika, mzee. Nimebadilisha pedi mara mbili, lakini kelele haziishi."

Dereva huyu ametumia fedha nyingi. Kosa lake ni moja: amebadilisha vitu kabla ya kujua sababu.

Tuone breki inavyofanya kazi. Magari mengi yana sahani ya chuma kwenye kila gurudumu la mbele. Sahani huzunguka pamoja na gurudumu. Pedi mbili hukaa huku na huku. Dereva akikanyaga, mafuta ya breki husukuma pedi, nazo huibana sahani, kama vidole viwili vinavyoshika kisahani cha chai. Gari husimama.

Kelele za breki si za namna moja. Gari likilia asubuhi tu, kisha likanyamaza, ni unyevu na kutu kidogo ya usiku. Usihangaike. Likilia kila mara kwa sauti nyembamba, tazama pedi. Pedi nyingi zina kichuma kidogo. Pedi ikibaki nyembamba, kama milimita 2 au 3, kichuma hugusa sahani na kulia. Hapo kinakuonya. Lakini ukisikia chuma kinakwaruza chuma, simamisha gari. Pedi zimekwisha.

Dereva wetu alikwenda kwa fundi mmoja Ng'ambo. Fundi hakushika spana. Aliuliza kwanza:

"Linalia ukikanyaga tu, au hata ukiachia?"

"Hata nikiachia, fundi. Upande wa kushoto."

Waliendesha kidogo bila kufunga breki sana. Waliposimama, fundi alisogeza kiganja karibu na kila gurudumu, bila kuligusa. La mbele kushoto lilikuwa la moto kuliko mengine. Akalipandisha kwa jeki, akalizungusha kwa mkono. Likazunguka kwa shida. Alipolifungua, aliona pedi ya ndani imelika sana, na ya nje bado nene.

Sababu ikajulikana. Chuma kinachoshika pedi huteleza juu ya pini mbili. Kila pini imefunikwa kwa mpira. Mpira mmoja ulikuwa umepasuka. Unguja ni kisiwa, na upepo wake una chumvi. Tena magari mengine hupita kwenye mchanga wa pwani. Maji na chumvi viliingia, pini ikashika kutu na kuganda. Kwa hiyo pedi haikuachia sahani hata mguu ulipoondoka kwenye breki. Pedi mpya zingesaidia nini?

Jambo hili si la kelele tu. Breki inayobana wakati wote hupata moto mkali. Mafuta ya breki yakichemka, dereva hukanyaga mpaka chini na gari lisisimame. Fikiria gari lililojaa watu, na watoto wa skuli wanavuka mbele yake.

Fundi alisafisha pini, akapaka grisi ya breki, akatia mipira mipya. Grisi ya kawaida haifai hapa. Huyeyuka kwa joto na kuharibu mipira. Vumbi hakulipuliza, alilifuta kwa kitambaa kilicholowa. Breki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Mafundi wengine hulipuliza kwa mdomo!

Pedi za mbele zilibadilishwa pande zote mbili, kushoto na kulia, ili gari lisivute upande mmoja.

Siku ya pili gari lilifika tena Jozani. Dereva akakanyaga breki. Gari likapanda tuta polepole, kimya.

"Mwanangu," akasema yule mzee, "leo umefunga breki au umesahau?"