Mgonjwa mmoja, randevu tatu



Mama wa Makobola mwenye sukari, tansio na virusi vya sida anaweza kuitwa siku tatu mbalimbali katika mwezi mmoja. Kila safari ni feza ya moto, na siku bila shamba ao soko. Mimi nafanya kazi ya afya, na naona ni randevu gani inakufa ya kwanza: ile ya tansio, sababu tansio haiumi.

Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, Daktari Sayoki Mfinanga wa taasisi ya utafiti NIMR aliifikia shida hiyo polepole. Alichunguza kifua kikuu, kisha sida. Mwaka 2015 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa Dar es Salaam na Lusaka: wenye sida waliofika wakiwa wamedhoofika walipimwa meninjiti ya kuvu, tena wakatembelewa nyumbani na watu wa kawaida waliofundishwa. Vifo vilipungua kwa asilimia 28.

Lakini aliyeokoka sida anazeeka, na uzee unaleta sukari na tansio. Basi swali likageuka: je, mtu huyo atunzwe mahali pamoja?

Mwaka 2023, katika jarida la Lancet, yeye na wenzake wa Uganda na Uingereza walitoa matokeo ya INTE-AFRICA. Ni vituo 32 vya Tanzania na Uganda, wagonjwa zaidi ya 7,000, miezi 12. Vituo vingine viliacha kliniki tofauti. Vingine, kwa kura, vilichanganya wote: foleni moja, waganga walewale, farmasi moja.

Hofu ilikuwa kwamba kuchanganya kutaharibu matunzo ya sida. Hayakuharibika. Pande zote mbili, karibu asilimia 97 ya wenye sida virusi vyao vilidhibitiwa, na asilimia 89 ya wenye sukari ao tansio walibaki kwenye matunzo.

Tusidanganyane: foleni moja haishushi bei. Kwetu dawa za sida ni za bure, za tansio mtu ananunua. Hiyo inangoja Serikali na wafadhili.

Lakini tarehe haina bei. Wenzangu mulio kwenye vituo, kutoka Sange mpaka Swima: pangeni fishi tatu za mtu mmoja juu ya meza moja, mumwandikie siku moja. Hata hilo tu litamwachia mama yule feza ya kununua dawa ya tansio.