Dereva wa Lori Katika Milima ya Chai

Vijana wengi wa Kericho na Bomet hutamani kuendesha malori. Kazi hii ni njema, lakini yataka mafunzo. Mashamba mengi ya chai yako kwenye vilima, mvua hunyesha karibu kila mwezi, na barabara za udongo huwa na utelezi.

Baada ya kupata leseni ya malori, dereva hana budi kujua sana kuteremka. Breki zikikanyagwa kwa muda mrefu hupata moto, na zikipata moto hazishiki. Basi dereva mwerevu hutia gia ndogo kabla ya kuanza mteremko, injini ikauzuia mzigo, na breki huzigusa kidogo tu. Kamwe haachi gari literemke bila gia ili kuokoa mafuta.

Majani mabichi hutakiwa kiwandani siku ile ile, na haraka humshawishi dereva. Lakini na akumbuke Londiani, Kericho: tarehe 30 Juni 2023 lori liliacha njia, likaua watu zaidi ya 50, wakiwamo wachuuzi wa kando ya barabara. Majani yakiharibika yatachumwa mengine. Mtu akifa harudi.