Biharamulo Ipi, ya Mwaka Gani?

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, leo tuanze na hesabu ndogo. Sensa ya mwaka 2002 iliikuta wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera, ikiwa na watu 410,794. Sensa ya mwaka 2012 ikaikuta Biharamulo ikiwa na watu 323,486. Ukitoa, unapata upungufu wa watu 87,308. Je, watu hao walikwenda wapi? Hatukusikia habari ya njaa wala ya maradhi yaliyofagia umati wa namna hiyo.

Jibu ni kwamba hakuna aliyepotea. Kati ya sensa hizo mbili wilaya ya Biharamulo iligawanywa, na upande wake wa mashariki, kuelekea Ziwa Viktoria, ukawa wilaya ya Chato. Kisha mwezi Machi 2012 Chato ikatoka Kagera ikaingia katika mkoa mpya wa Geita. Sensa ya Agosti mwaka huo iliikuta Chato peke yake ina watu 365,127. Ukizijumlisha wilaya hizo mbili unapata watu 688,613. Kwa hiyo nchi ile iliyoitwa Biharamulo mwaka 2002 haikupungukiwa. Iliongezeka watu zaidi ya laki mbili na nusu!

Mtu wa Biharamulo hawezi kudanganywa na hesabu hiyo, maana anajua kilichotokea. Lakini kompyuta haijui ila lile iliyoambiwa. Ikiwa imeambiwa kwamba Biharamulo ni Biharamulo tu, jana, leo na kesho, itakuchorea mstari unaoshuka, na afisa aliyekaa mbali atapunguza madawati, dawa na walimu kwa kufuata mstari huo. Ndiyo maana nimeona juma hili tuzungumzie jambo ambalo wataalamu wa hifadhidata wamelisumbukia kwa miaka mingi, yaani namna ya kuifundisha kompyuta habari ya wakati.

Kwanza, hifadhidata ni nini? Ni madaftari yaliyomo ndani ya kompyuta, yenye safu na mistari kama leja ya duka. Mwaka 1970 mtaalamu wa kampuni ya IBM, Edgar Codd, alieleza namna ya kuyapanga madaftari hayo kwa majedwali, na mpango wake ndio uliotawala hadi leo katika mabenki, mahospitali na maofisi ya serikali. Ni mpango mzuri. Ila ukitumiwa kivivu una kasoro moja: jedwali huonyesha mambo yalivyo sasa. Mtu akihama, karani huandika anwani mpya juu ya ile ya zamani, na ile ya zamani inakwenda na maji. Daftari linajua leo. Jana halina habari nayo.

Chukua mfano wa mtu anayejulikana na wote. Rais wa awamu ya tano, John Magufuli, alizaliwa Chato mwaka 1959, wakati Chato ilipokuwa ndani ya wilaya ya Biharamulo. Alipoingia bungeni mwaka 1995 aliingia kwa jimbo la Biharamulo Mashariki. Leo Chato ni wilaya ya mkoa wa Geita. Sasa, mtu akisema alizaliwa wilaya ya Biharamulo, na mwingine akisema alizaliwa Chato iliyoko Geita, nani mwongo? Hakuna. Kila mmoja anasema kweli ya tarehe yake. Na maelfu ya wananchi wa kawaida wa huko wana vyeti vya kuzaliwa vinavyosema hivi, na fomu mpya zinazowadai waseme vile. Kompyuta isiyojua tarehe itamwona mwananchi huyo kuwa ni watu wawili, au itamdhania kuwa anadanganya.

Dawa ya kwanza ni nyepesi kuisema. Kila mstari katika jedwali upewe tarehe mbili: kuanzia lini jambo hili ni kweli, na hadi lini. Chato kuwa mkoani Kagera: hadi Machi 2012. Chato kuwa mkoani Geita: kuanzia Machi 2012, na mwisho wake uachwe wazi. Ukiuliza habari za mwaka 2005 kompyuta itakujibu kwa mstari wa kwanza, na ukiuliza za leo itakujibu kwa mstari wa pili. Hakuna kilichofutwa.

Hata hapo pana mtego. Je, siku ile ya mwisho ni ya nani? Wenye gesti zetu walikwisha kulitatua zamani. Mgeni akiingia tarehe 5 na kuondoka tarehe 8, analipia siku tatu, maana siku ya kuondoka ni ya mgeni anayefuata. Wataalamu nao wengi hupanga hivyo hivyo: siku ya kuanza inahesabiwa, siku ya mwisho haihesabiwi. Hivyo hakuna siku yenye wenyewe wawili, wala siku iliyobaki yatima.

Sasa twende Ngara, kwa sababu dawa hiyo ya kwanza haitoshi. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, watu takriban robo milioni, kwa hesabu ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, walivuka daraja la Rusumo katika muda wa kama saa 24. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa usiku mmoja. Watu wa namna hiyo hawalishwi kwa kukisia. Lazima kuwe na orodha, na orodha ile haitulii: leo anazaliwa mtoto, kesho anafariki mzee, keshokutwa familia inahamia kambi nyingine.

Tufikirie mfano, na huu ni wa kufikirika. Familia ya watu watano iko kambini. Tarehe 3 Juni anazaliwa mtoto. Mama yake hana nguvu, foleni ni ndefu, mtoto anaandikishwa tarehe 20 Juni. Katikati, tarehe 10 Juni, karani anagawa chakula cha watu watano, kama orodha yake inavyosema. Baada ya mwaka anakuja mkaguzi. Anafungua orodha, anaona mtoto huyo amezaliwa tarehe 3 Juni, yaani tarehe 10 familia ilikuwa na watu sita. Chakula kilichotolewa ni cha watano. Sehemu ya mtu mmoja ililiwa na nani? Karani anaitwa mwizi.

Karani huyo hakuiba hata punje. Kinachomponza ni daftari lenye wakati mmoja, kumbe nyakati ni mbili. Upo wakati jambo lilipokuwa kweli duniani, na upo wakati daftari lilipolijua. Mtoto alizaliwa tarehe 3, daftari likajua tarehe 20. Tukiandika zote mbili tunaweza kuuliza maswali mawili tofauti. Tarehe 10 Juni familia ilikuwa na watu wangapi? Sita. Na je, tarehe 10 Juni orodha ilisema ni wangapi? Watano. Swali la kwanza linampatia mama haki ya kudai mgao wa mtoto. Swali la pili linamtoa karani mahakamani.

Wala jambo hili si geni kwa wazee wetu wa maofisini. Karani wa zamani alikatazwa kabisa kutumia kifutio katika leja. Akikosea alikata kwa mstari mmoja, ili yaliyoandikwa yaendelee kusomeka, kisha akaandika sahihi juu yake, akatia saini na tarehe. Tulipoingia katika kompyuta tulifurahia wepesi wa kufuta, tukasahau sababu ya katazo lile.

Wataalamu hawakusahau. Katika miaka ya 1990 kundi la watafiti, akiwamo Richard Snodgrass wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, walitunga mapendekezo ya lugha ya hifadhidata inayozielewa nyakati hizo mbili. Mabishano yalikuwa marefu. Mwaka 2011 ndipo kanuni ya kimataifa ya lugha ya SQL, inayotumiwa na hifadhidata nyingi duniani, ilipoingiza utaratibu wa kutunza nyakati hizo. Kwa hiyo leo chombo kipo. Kinachobaki ni mnunuzi kujua cha kudai.

Liko jambo la tatu, nalo liko palepale Rusumo. Saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Lori likiruhusiwa kuondoka upande wetu saa nne na dakika kumi asubuhi, likaandikwa upande wa pili baada ya dakika ishirini, saa ya kule itasema ni saa tatu na nusu. Ukiyaweka maandishi hayo katika jedwali moja, lori limefika dakika arobaini kabla ya kuondoka! Dawa yake ni kuweka saa zote kwa kipimo kimoja cha dunia, kile cha Greenwich, kisha kila mtu aonyeshwe saa ya kwake. Tangu 2016 ulipozinduliwa mpango wa kituo cha pamoja hapo mpakani, maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jirani, lakini mishale ya saa haikuhama.

Ndugu msikilizaji, katika wilaya ya mpakani kama Ngara, kuulizwa ulikuwa wapi mwaka fulani, na nani alikuandika, si maneno ya kupitisha muda. Katika jibu hilo mna uraia wa mtu, shamba lake na mirathi ya watoto wake. Daftari likijua leo tu, mzigo wote wa kuthibitisha jana unamwangukia mwananchi, naye aghalabu hana karatasi.

Kwa hiyo ofisi yako, iwe ni shule, zahanati, chama cha akiba na mikopo au halmashauri, inapotaka kununua programu ya kutunza kumbukumbu, usiishie kuuliza bei na rangi za kioo. Muulize muuzaji hivi: nikibadili jina la kijiji leo, la jana nitalionaje? Nikisahihisha kosa, nitaonaje lilivyosomeka kabla sijasahihisha, na nani alilisahihisha? Na je, orodha hii inaweza kunionyesha yale tuliyoyajua siku tulipokata shauri? Akianza kuzungukazunguka, msitie saini siku hiyo.